Namba Zinazohitaji Mtu: Uchambuzi wa Data na Hatima ya Mwanachuo

Mwaka 2003, ni asilimia 32 tu ya wanafunzi wa shahada ya kwanza wa Chuo Kikuu cha Georgia State, mjini Atlanta, Marekani, waliokuwa wakihitimu ndani ya miaka 6. Mwongo mmoja na nusu baadaye kiwango hicho kilikuwa kimevuka asilimia 50, ingawa wanafunzi wa familia maskini walizidi kuongezeka, na wanafunzi Weusi walikuwa wakihitimu kwa kiwango kisichopungua kile cha wenzao Weupe. Habari hii husimuliwa kama ushindi wa kompyuta. Naona ni kinyume: kilichoshinda ni uamuzi wa chuo kujigharamia kuitikia kile ambacho data ilikionyesha.

Tangu 2012, programu ya chuo hicho hukagua kila siku viashiria zaidi ya 800 katika kumbukumbu za kila mwanafunzi. Kimoja kinatosha kuonyesha kina cha kazi hiyo. Katika sayansi ya siasa, aliyepata A katika kozi ya kwanza ya fani alikuwa na uwezekano wa takriban asilimia 75 wa kuhitimu. Aliyepata C, takriban 25. C ni alama ya kufaulu. Haimshtui mhadhiri wala mzazi, na kwa miaka mingi mwenye nayo aliachwa asonge mbele hadi anakwama mwaka wa tatu. Lakini ugunduzi huo ungebaki kabatini kama chuo kisingeajiri washauri wapya 42, mmoja kwa wanafunzi wapatao 300, wa kumwita kijana huyo mapema. Hali ni hiyohiyo katika ada. Uchambuzi ulibaini kwamba wengi waliofutiwa usajili walidaiwa fedha kidogo, baadhi yao wakiwa wamebakiza muhula mmoja au miwili. Tangu 2011 chuo huwalipia wanafunzi kama hao deni hilo, kwa wastani wa dola 900 hivi, bila kusubiri maombi yao.

Ushahidi mzito zaidi umetoka katika jaribio la ushauri wa aina hii lililohusisha vyuo vikuu 11 na wanafunzi zaidi ya 10,000, waliogawanywa kwa bahati nasibu. Georgia State ilipata mafanikio ya wazi. Kwingineko tofauti ilikuwa ndogo mno. Dhana ilikuwa moja, lakini mazingira ya kuitekeleza hayakuwa sawa.

Wapo wanaohofu kwamba kumtabiria mwanafunzi ni kumhukumu. Hofu hiyo ina msingi. Katika Chuo Kikuu cha Mount St. Mary's, Maryland, uongozi ulipanga kutumia dodoso la wanafunzi wapya kuwabaini walioonekana dhaifu na kuwashawishi waondoke mapema, ili takwimu za chuo zipendeze. Rais wa chuo alijiuzulu mwaka 2016. Mwaka 2021 wanahabari walifichua kwamba vyuo kadhaa vilitumia rangi ya ngozi kama kigezo cha hatari. Hata hivyo, kuiacha data hakuondoi hukumu. Wahadhiri wataendelea kukisia nani ataweza na nani hataweza, na makisio yao hayakaguliwi na yeyote. Bora utabiri ambao mwanafunzi anaweza kuuona na kuupinga, na sheria za ulinzi wa data za Kenya (2019) na Tanzania (2022) zinatupa pa kuanzia. Kwa hiyo chuo chetu chochote kinachotaka kununua programu ya aina hii kianze na bajeti ya washauri na mfuko wa madeni madogo. Kama bajeti hiyo haipatikani, ununuzi uahirishwe.