Kiharusi: Mwanamke na mwanaume hawapatwi kwa njia moja

Ugonjwa wa kiharusi, ambao wengi mitaani hueleza tu kwa kusema kwamba mtu "amepooza upande mmoja", huwapata wanaume kwa wanawake. Hata hivyo, katika mtaa wa Ayany jijini Nairobi na katika vijiji vya mabanda vya Kibera vinavyopakana nao, njia inayomfikisha mwanamke kitandani si ile inayomfikisha mwanaume, na yanayowangoja baada ya hapo hayafanani.

Tofauti hiyo hutokana kwa kiasi fulani na maumbile. Lakini sehemu yake kubwa hutokana na jambo la kawaida mno, nalo ni nani hupimwa shinikizo la damu, hupimwa lini, na nani huendelea kufuatiliwa baada ya kipimo hicho.

Kiharusi hutokea damu inaposhindwa kufika katika sehemu ya ubongo. Aina ya kwanza husababishwa na mshipa kuzibwa na donge la damu. Aina ya pili husababishwa na mshipa kupasuka na damu kuvuja ndani ya kichwa. Kote duniani aina ya kwanza ndiyo iliyo nyingi, ila barani Afrika sehemu ya wagonjwa wanaopasukwa na mshipa ni kubwa kuliko ilivyo Ulaya. Sababu kuu ni shinikizo la damu lililopanda kwa miaka mingi bila kutibiwa. Seli za ubongo zikikosa damu huanza kufa katika muda wa dakika chache.

Tarakimu za kushtua

Takwimu zinazofikirisha zaidi kuhusu jinsia katika ukanda huu zilitoka Tanzania. Kati ya mwaka 1992 na 1995, watafiti walihesabu vifo vya watu wazima katika maeneo 3: sehemu za jiji la Dar es Salaam, wilaya ya Hai mkoani Kilimanjaro na eneo maskini la mashambani mkoani Morogoro. Kwa kuwa wengi walifariki nyumbani, chanzo cha kifo kilitambuliwa kwa kuwahoji jamaa za marehemu. Matokeo yalichapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2000.

Miongoni mwa watu wenye umri wa miaka 15 hadi 64, kiharusi kiliua kila mwaka wanaume 44 na wanawake 33 katika kila watu 100,000 wa jinsia yao wilayani Hai. Morogoro, idadi ilikuwa wanaume 35 na wanawake 27. Hayo ndiyo yaliyotarajiwa, kwa maana katika nchi nyingi wanaume wa umri huo hutangulia.

Dar es Salaam mambo yaligeuka: wanaume 65, wanawake 88. Uingereza na Wales, mwaka 1993, viwango vilikuwa 10.8 kwa wanaume na 8.6 kwa wanawake wa umri huo huo.

Tahadhari inafaa hapa. Vifo vilivyohesabiwa jijini havikuwa vingi, hivyo pengo kati ya 65 na 88 laweza kuwa limekuzwa na bahati tu. Lakini jambo moja halina ubishi: ile nafuu aliyokuwa nayo mwanamke wa kijijini haikuonekana kwa mwenzake wa mjini. Utafiti mwingine, uliofanywa Hai na Dar es Salaam kati ya 2003 na 2006, ulionyesha kwamba umri wa wakazi ukisawazishwa, kiharusi kilikuwa kikiwapata watu 315.9 katika kila 100,000 kwa mwaka jijini, dhidi ya 108.6 wilayani Hai.

Je, mji humfanya nini mwanamke? Sehemu ya jibu imo katika uchunguzi wa kitaifa wa Kenya wa mwaka 2015 kuhusu vyanzo vya magonjwa yasiyoambukiza. Wanawake 38.5 kwa kila 100 walikuwa na uzito uliozidi au unene wa kupindukia, ilhali kwa wanaume kiwango kilikuwa 17.5. Kwa upande wa sigara picha hupinduka kabisa: wanaume 19.7 kwa kila 100 walikuwa wakivuta, na wanawake hawakufika hata 1. Wote wawili wanaelekea kwenye ugonjwa mmoja, kila mtu na mzigo wake.

Kibera yenyewe imechunguzwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 kuhusu wakazi wake wenye umri wa miaka 35 hadi 64 ulionyesha kwamba takriban 29 kati ya kila 100 walikuwa na shinikizo la juu la damu, na karibu 4 kati ya kila 10 ya wagonjwa hao hawakujua. Dhana kwamba presha ni ugonjwa wa matajiri wa Karen na Lavington ingefaa kuzikwa tangu hapo.

Hatari za mwanamke pekee

Mwanamke ana nyakati zake za hatari ambazo mwanaume hazijui. Ya kwanza ni ujauzito, hasa miezi 3 ya mwisho na wiki 6 baada ya kujifungua. Damu ya mjamzito huganda kwa wepesi zaidi, na baadhi ya wanawake hupandwa na shinikizo la damu baada ya wiki ya 20, huku protini ikionekana kwenye mkojo. Hali hiyo isipodhibitiwa huleta kifafa cha mimba, na yaweza kupasua mshipa wa ubongo wa mama mwenye umri wa miaka 20 na kitu.

Kinachosahaulika ni kwamba hatari hiyo haiondoki pamoja na kondo la nyuma. Mwongozo wa kuzuia kiharusi kwa wanawake, uliotolewa mwaka 2014 na chama cha wataalamu wa moyo cha Marekani, ulieleza kwamba mwanamke aliyewahi kupata tatizo hilo ana uwezekano wa takriban mara 2 wa kupatwa na kiharusi baadaye maishani, na wa mara 4 hivi wa kuwa na shinikizo la damu. Kwa hiyo swali "Presha ilikupanda ulipokuwa mjamzito?" linapaswa kuulizwa hata kwa nyanya mwenye wajukuu.

Kuna pia suala la kupanga uzazi. Vidonge vyenye homoni ya estrojeni huongeza kidogo uwezekano wa damu kuganda. Kwa msichana mwenye afya ongezeko hilo ni dogo sana, na ni dogo kuliko hatari ya ujauzito wenyewe. Hali hubadilika akiwa na shinikizo la damu, akiwa anavuta sigara naye amepita miaka 35, au akiwa na kipandauso kinachotanguliwa na vimulimuli machoni. Mwanamke wa namna hiyo hushauriwa kutumia njia isiyo na estrojeni. Vipandikizi na sindano ya miezi 3, ambazo Wakenya wengi hutumia, hazina homoni hiyo, ingawa mwenye presha iliyopanda sana anapaswa kumweleza muuguzi kabla ya kuchomwa sindano.

Kisha upo ugonjwa wa moyo utokanao na homa ya baridi yabisi, ambao huanza na maumivu ya koo ya utotoni yasiyotibiwa. Huharibu vali za moyo, moyo ukapiga bila mpangilio, na donge la damu likaondoka humo na kupanda ubongoni. Katika uchunguzi mkubwa wa wagonjwa hao uliofanywa katika nchi 14, Kenya na Uganda zikiwemo, takriban thuluthi 2 walikuwa wanawake, na nusu ya wagonjwa walikuwa na umri usiozidi miaka 28. Hapa kiharusi si ugonjwa wa uzee hata kidogo.

Hedhi inapokoma, kinga ambayo homoni zilimpa mwanamke hupungua, na shinikizo la damu hupanda. Isitoshe, wanawake huishi muda mrefu zaidi. Ndiyo maana uchunguzi wa muda mrefu wa Framingham nchini Marekani, katika ripoti yake ya mwaka 2006, ulikadiria kwamba mtu akifikisha miaka 55, mwanamke 1 kati ya 5 atapatwa na kiharusi kabla ya kufa, na mwanaume 1 kati ya 6.

Mwanaume asiyepimwa

Katika jambo moja mwanamke wa Ayany ana nafasi bora kuliko mumewe. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba wajawazito 98 kwa kila 100 nchini Kenya walihudhuria kliniki angalau mara moja. Kliniki ya wajawazito hupima presha. Mwanamke anayejifungua watoto 3 amefungwa kile kitambaa cha mashine mkononi mara nyingi kabla hajafika miaka 35.

Mwanaume hana kliniki inayomngoja. Anayebeba mawe mjengoni au kuendesha bodaboda hufika hospitalini akiwa ameumia au ana homa kali, na siku atakayopimwa presha huenda ikawa ndiyo siku ambayo mdomo wake umepinda. Mwaka 2015, Wakenya 56 kwa kila 100 walikuwa hawajawahi kupimwa shinikizo la damu maishani.

Lakini nafasi hiyo ya mwanamke ni ya muda tu. Mtoto akimaliza chanjo, kadi huwekwa kabatini na mama huacha kuonekana kliniki. Miaka yake ya hatari zaidi, kuanzia 45 kuendelea, humkuta nje ya mfumo sawa na mumewe.

Tangu Septemba 2023 serikali imewatuma wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 kote nchini, wakiwa na mikoba yenye mashine za kupima presha na sukari. Mpango huo ni mzuri. Udhaifu wake ni kwamba anayebisha hodi mchana kwa kawaida humkuta mama na watoto. Baba yuko Industrial Area au kwenye stendi.

Saa za mwanzo

Dalili kuu ni zile zile kwa jinsia zote: uso kupinda, mkono au mguu kukosa nguvu ghafla, na ulimi kuwa mzito. Wanawake, hata hivyo, huongeza mara nyingi dalili zisizotangaza ugonjwa waziwazi: kuchanganyikiwa, uchovu wa ghafla, kizunguzungu, maumivu ya kichwa. Hizo ni rahisi kuitwa msongo wa mawazo au malaria, na tafiti za Marekani zimeonyesha kwamba kiharusi cha mwanamke hukosewa kutambuliwa mara nyingi kuliko cha mwanaume.

Dawa ya kuyeyusha donge la damu hufaa tu ikitolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili kuanza, na lazima kichwa kipigwe picha ya CT kwanza, kwa kuwa dawa hiyo hiyo ikimpata mgonjwa aliyepasukwa na mshipa yaweza kumuua. Kwa sababu hiyo pia, haifai kumpa mgonjwa aspirini nyumbani kabla ya picha. Katika nchi tajiri wanawake wamekuwa wakipewa dawa hiyo kwa kiwango cha chini kuliko wanaume, ingawa pengo limepungua. Nchini Kenya ni wachache mno wanaoipata, wa jinsia yoyote.

Kutoka Ayany hadi Hospitali Kuu ya Kenyatta ni mwendo usiofika kilomita 6. Umbali si kizuizi. Kizuizi ni saa zinazopotea nyumbani. Mwanamke mzee anayeishi peke yake hana wa kugundua kwamba usemi umebadilika. Mwengine humsubiri mwana arudi kazini ndipo nauli ya teksi ipatikane. Wengine huanzia kwa mwombezi au mganga. Watafiti waliohoji watu Tanzania, katika ripoti ya mwaka 2008, waligundua kwamba ni wakazi wa Dar es Salaam, wala si wa Hai, waliotaja zaidi mapepo na uchawi kuwa chanzo cha kiharusi, jambo linalowaumbua wanaodhani ushirikina ni wa kijijini.

Anayebaki kuuguza

Baada ya hospitali, tofauti huwa dhahiri zaidi. Tafiti za nchi mbalimbali zinakubaliana kwamba wanawake hubaki na ulemavu mkubwa zaidi na hupata huzuni ya kudumu mara nyingi zaidi. Kwa sehemu ni kwa sababu hupatwa wakiwa wazee zaidi. Kwa sehemu ni kwa sababu mwanaume aliyepooza kwa kawaida ana mke wa kumwosha, kumlisha na kumgeuza kitandani, ilhali mwanamke wa rika hilo mara nyingi ni mjane. Mzigo wake humwangukia binti au mke wa mwana, ambaye huenda akaacha kibarua au masomo.

Kazi nazo huhesabu. Mama anayefua nguo za watu au kukaanga samaki kando ya barabara anahitaji mikono miwili, na hana likizo ya ugonjwa. Miezi 3 ya mwanzo ndiyo yenye faida kubwa zaidi ya mazoezi ya viungo, na ndiyo miezi ambayo familia nyingi humsafirisha mgonjwa mashambani, mbali na mtaalamu wa tiba hiyo, ili kuepuka kodi ya nyumba.

Dawa za presha zenyewe ni za zamani na za bei nafuu: amlodipini, hidroklorothiazidi, losartani. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka, lililohudumu Kibera kuanzia 1997, liliziweka pamoja na huduma za virusi vya Ukimwi na kifua kikuu, na mwaka 2017 likaikabidhi Kaunti ya Nairobi Kituo cha Afya cha Kibera Kusini. Humeza kila siku anayezitumia, hata siku anayojihisi mzima. Presha ya 140 kwa 90 au zaidi, ikirudiwa siku nyingine na kubaki hapo, huhesabiwa kuwa ugonjwa, na kwa mama aliyejifungua kipimo hicho kinapaswa kurudiwa ndani ya wiki ya kwanza, tena katika wiki ya 6, na kila mwaka baada ya hapo ikiwa kilipanda wakati wa mimba.