Meli Ilikuwa Imetia Nanga

Tangu nimalize sekondari nimekuwa nasoma kila ninachokipata kuhusu bahari, maana riwaya ninayohangaika nayo inamhusu baharia. Nilitegemea kukuta dhoruba, maharamia na mapenzi ya bandarini. Kumbe habari iliyonikosesha usingizi haina hata kimoja katika hivyo. Ni ya mabaharia wawili wa Kihindi waliozuiliwa Korea ya Kusini mwaka mmoja na nusu kwa ajali ambayo si wao walioianzisha. Hebu niisimulie, halafu tuulizane.

Tarehe 7 Desemba 2007, meli ya mafuta iitwayo Hebei Spirit, iliyoandikishwa Hong Kong, ilikuwa imetia nanga nje ya pwani ya Taean, magharibi ya Korea ya Kusini. Ilijaa mafuta ghafi, ikingoja zamu yake ya kushusha. Asubuhi hiyo bahari ilikuwa imechafuka vibaya. Tagi za Kikorea zilikuwa zinakokota tishari kubwa lenye kreni, mali ya Samsung Heavy Industries, likitoka kwenye ujenzi wa daraja la Incheon. Kamba ya chuma ikakatika. Tishari likawa halina wa kulizuia. Upepo na mawimbi vikalisukuma mpaka likaivaa Hebei Spirit na kuitoboa matanki matatu. Zaidi ya tani 10,000 za mafuta zikamwagika. Korea ya Kusini haijawahi kupata balaa la mafuta kubwa kuliko hilo.

Sasa tusiwasahau watu wa Taean. Wao walikuwa wakiishi kwa uvuvi, kwa mashamba ya chaza na kwa wageni wanaokuja ufukweni. Siku chache tu, mchanga ukawa mweusi. Watu wa kujitolea zaidi ya milioni moja walikuja kutoka kila pembe ya nchi, wakafuta mawe kwa matambara, jiwe moja moja, katika baridi ya Desemba. Mapema mwaka 2008 wapo wakazi waliokata tamaa wakajiua. Kwa hiyo hasira ya watu wale ilikuwa ya haki, tena ya haki kabisa. Swali ni moja: hasira hiyo ielekezwe kwa nani?

Waliokuwepo karibu ni Nahodha Jasprit Chawla na ofisa wake mkuu, Syam Chetan. Wakazuiwa kuondoka nchini. Juni 2008 mahakama ya kwanza iliwaona hawana hatia. Waliotiwa hatiani ni upande wa tagi na tishari. Ungefikiri basi, yamekwisha, waende zao kwao. Wapi! Waendesha mashtaka walikata rufaa, na wale wawili wakaambiwa wangoje. Desemba 2008 mahakama ya rufaa ikageuza hukumu. Chawla akapewa kifungo cha miezi 18, Chetan miezi 8, na faini juu yake. Wakatiwa ndani.

Kosa lao nini? Ati wangeiondoa meli mapema, na ati hatua walizochukua baada ya kugongwa hazikutosha kupunguza mafuta yaliyomwagika. Wanamaji wa nchi nyingi walishangaa. Meli iliyojaa mafuta, yenye ukubwa ule, si baiskeli ukaikwepesha upande. Tena wahenga wa pwani walisema nahodha wengi chombo huenda mrama. Hapa chombo hakikwenda popote, kilikuwa kimetulia kwenye nanga yake.

Na kuna jambo jingine. Hebei Spirit ilikuwa ya ukuta mmoja, yaani kati ya mafuta na maji ya chumvi palikuwa na bamba moja tu la chuma. Meli za namna hiyo dunia ilikuwa imekwishaanza kuzistaafisha, kwa sababu ya balaa kama hili. Lakini nahodha haundi meli. Anakabidhiwa. Anayeimiliki, anayeikodi na anayeiruhusu kuingia bandarini wako ofisini, mbali na polisi.

Mabaharia waliandamana katika nchi mbalimbali, wakiwaita wale wawili kwa jina la meli yao. Januari 2009 wakatolewa kwa dhamana, lakini kuondoka hapana. Aprili 2009 Mahakama ya Juu ikayafuta mashtaka ya kuharibu chombo, ila ikaacha lile la uchafuzi. Juni 2009 ndipo walipopanda ndege kurudi India. Mwaka huo huo, mwezi Machi, mahakama moja ya Seoul ilikuwa imekubali dhima ya Samsung Heavy Industries iwekewe kikomo cha wani bilioni 5.6, kiasi kidogo mno mbele ya hasara ya wavuvi. Kampuni ina kikomo cha dhima. Baharia je?

Usidhani ni Korea peke yake. Novemba 2002 meli ya mafuta Prestige ilipasuka katika dhoruba karibu na Galicia, Hispania. Nahodha wake, Apostolos Mangouras, Mgiriki mwenye umri wa miaka 67, aliomba apewe mahali pa kujificha. Wakubwa wakaamuru meli ivutwe mbali baharini, na huko ikakatika vipande viwili. Mangouras alikaa rumande siku 83, na dhamana yake ilikuwa euro milioni 3. Kesi ikaendelea mpaka mwaka 2016, Mahakama ya Juu ilipomhukumu miaka miwili. Mzee alikuwa amekwishapita themanini.

Mwaka 2006 mashirika ya Umoja wa Mataifa yanayohusika na bahari na kazi yalitoa miongozo ya kuwatendea haki mabaharia baada ya ajali: wasizuiliwe kupita muda unaohitajika kwa uchunguzi. Ilikuwapo tayari Hebei Spirit ilipogongwa. Lakini mwongozo si sheria, na nchi yenye hasira hutafuta uso wa kuutazama. Kampuni haina uso. Nahodha anao.

Vijana wenzangu, wengi wetu tunaokaa miji ya bandari tunaota kupata kitabu cha ubaharia tukaione dunia. Tuoteni, ila tujue. Na sisi tunaotaka kuwa waandishi tuna kazi yetu pia. Ni rahisi kuandika hadithi yenye mwovu mmoja. Katika hii, mvuvi wa Taean anadai haki na nahodha wa Kihindi anadai haki, na wote wawili ni wakweli. Mimi sasa nimeibadili riwaya yangu. Baharia wangu hafi baharini. Anakaa nchi kavu, paspoti yake iko kwa watu, na kila asubuhi anaangalia meli zikiondoka.