Hades na wafu wa mpakani

Hades, mungu wa wafu katika visasili vya Wagiriki wa kale, hakuwa shetani wala muuaji. Alikuwa mwana wa Kronos na Rhea. Walipopiga kura na ndugu zake, Zeus alipata mbingu, Poseidon bahari, naye akaangukiwa na kuzimu. Kuua ilikuwa kazi ya Thanatos. Hades aliwapokea waliokwisha kufa na kuhakikisha hawarudi. Hata hivyo aliogopwa mno, na kwa mujibu wa Pausanias, ni watu wa Elis pekee waliomwabudu, hekalu lake likifunguliwa mara moja tu kwa mwaka. Wanaomchanganya na moto wa milele wasome Biblia ya Kiswahili ya Union Version: Hades ni kuzimu, Gehenna ndiyo jehanum.

Mjini Malaba na viungani mwa Busia, imani ya jadi ya Wateso haikuwa na mfalme wa aina hiyo. Akuj alikuwa Mungu wa juu, naye Edeke alihusishwa na maafa. Roho za wafu, ziitwazo ipara, hazikuwa na mtawala wala lango. Zilihamia porini, na kadiri muda ulivyopita zikasogea ndani zaidi. Zilikuwa na uroho wa chakula, na zikinyimwa ziliwasumbua walio hai. Zamani mifupa ilifukuliwa baada ya miaka kadhaa ili marehemu "apoe". Mgiriki alimtia maiti sarafu mdomoni, nauli ya Charon mvushaji, akajua safari imekwisha. Mteso aliendelea kumlisha wake.

Jambo la kustaajabisha zaidi ni hatima ya Edeke. Katika Kiteso, edeke ni ugonjwa. Ukristo ulipoingia, jina hilo ndilo lililotwaliwa kumtaja Mungu wa Biblia, na leo linaimbwa makanisani kwa furaha. Hades hakubahatika hivyo.

Majirani wao Waluhya, wakiwemo Wakhayo, Wasamia na Wamarachi, humwita Muumba Were. Makao ya wafu kwa Kiluhya ni emagombe, neno linalokaribiana sana na magombe la Kiganda, ng'ambo ya mpaka.

Huko Buganda ndiko aliko muuaji mwenyewe. Walumbe, ambaye jina lake linatokana na olumbe, yaani ugonjwa au kifo, alimfuata duniani dada yake Nambi, mke wa Kintu, akaanza kuwaua watoto wao. Kayiikuzi alitumwa kumkamata akashindwa. Walumbe alizama ardhini Ttanda, karibu na Mityana, magharibi mwa Kampala, ambako mashimo yanayodaiwa kuwa njia zake huonyeshwa wageni hadi leo.