Mitambo Ijiongozayo

Katika Kanyakine, huko Imenti Kusini, kama katika miji mingine ya Kenya, yako matangi ya maji yenye boya ndani yake. Maji yakipungua, boya hushuka na kufungua vali. Yakijaa, huinuka na kuifunga. Hapana mtu asimamaye pale kuchungulia. Katika chombo hiki kidogo mna mambo matatu yaliyo msingi wa mtambo ujiongozao: kuhisi hali ilivyo, kuilinganisha na hali itakiwayo, na kutenda ili tofauti iondoke.

Elimu hii si ya jana, wala si ya Ulaya peke yake. Katika karne ya tatu kabla ya Kristo aliishi Alexandria, katika nchi ya Misri, fundi aitwaye Ktesibios. Yeye husifiwa kwa kutia boya katika saa ya maji, ili maji yatiririke kwa kipimo kimoja.

Zikapita karne nyingi. Mwaka wa 1788 Mskoti James Watt alitia katika injini ya mvuke matufe mawili ya chuma, yaliyozungushwa na injini yenyewe. Mwendo ulipozidi, matufe yalitanuka na kuubana mlango wa mvuke. Ulipopungua, yalikaribiana na kuufungua. Hicho kilikuwa kidhibiti mwendo, jina ambalo leo hata abiria wa matatu alijua.

Katika karne ya 19 ikaja rilei. Hii ni koili ya waya ambayo, ikipitiwa na umeme kidogo, huwa sumaku na kuvuta kipande cha chuma. Nacho chuma huunga au hukata njia ya umeme mwingi. Ndivyo mkono dhaifu ulivyopata kuliamuru jitu.

Mwaka wa 1968 mambo mawili yalitokea mbali mbali. Huko Marekani, kampuni ya magari ya General Motors, iliyochoka kufunga upya nyaya za rilei kila gari jipya lilipobuniwa, ilitafuta chombo ambacho amri zake zingebadilishwa kwa kuandikwa tu. Hapa kwetu, kituo cha umeme cha Kindaruma kilifunguliwa kwenye Mto Tana, mpakani mwa Embu.

Kazi ya Watt ingali hai katika vituo kama hicho. Umeme wa Kenya hupaswa kwenda mizunguko 50 kwa sekunde. Watumiaji wakizidi, mashine hulemewa na kupunguza mwendo. Ndipo kidhibiti kinapofungua zaidi mlango wa maji. Nguvu ikiwa bado haitoshi, rilei hukata umeme wa sehemu fulani ili nyingine zisizimike. Kinga zikishindwa, nchi nzima yaweza kuingia gizani, kama ilivyotokea Kenya usiku wa tarehe 25 Agosti 2023.

Basi, mtambo hujiongoza, lakini haujichagulii lengo. Kipimo huwekwa na mtu, na mtu ndiye apangaye ni sehemu ipi itakayokatwa kwanza. Rilei haijui kama mwisho wa waya pana hospitali au pana taa ya dukani. Ajifunzaye maneno ya elimu hii hana budi kujua jambo hilo kwa niaba yake.