Siagi ya shea na mikono iliyoitengeneza

Chukua kipande cha siagi ya shea, kisugue kwenye viganja. Mwanzoni kitakuwa kigumu, kisha kitalegea chenyewe, maana joto la mwili linatosha kukiyeyusha. Leo akina dada wengi huichanganya nyumbani kwa ajili ya ngozi kavu na nywele. Kuna wanaodhani ni uvumbuzi wa kampuni za vipodozi. Sivyo hata kidogo.

Ibn Battuta, msafiri yuleyule aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alikwenda Mali mwaka 1352. Huko alikuta watu wakikamua mafuta haya kutoka kwenye kokwa za mti wa shea. Aliandika kwamba waliyapikia, waliyawashia taa, walijipaka mwilini, tena waliyachanganya na udongo wa kukandika nyumba. Na hata wakati huo yalikuwa ya kale. Huko Kirikongo, magharibi mwa Burkina Faso, wanaakiolojia wamefukua maganda ya kokwa za mti huo yanayoonyesha kwamba zilitumika tangu karibu mwaka 100 BK. Mwaka 1796 msafiri Mungo Park wa Scotland alipita mji wa Segu, akaisifu siagi hiyo kuliko ya maziwa ya ng'ombe, akaongeza kuwa hukaa mwaka mzima bila chumvi.

Wasafiri walionja na kuandika. Kazi ilikuwa ya akina mama, na mpaka leo ni yao. Matunda hayachumwi, huokotwa yakishadondoka. Nyama yake huliwa. Kokwa huchemshwa, huanikwa juani, hupasuliwa. Viini hukaangwa, hutwangwa, husagwa hadi viwe uji mzito wa rangi ya kahawia. Hapo ndipo penye ufundi. Mama huinamia beseni, huzamisha mkono hadi karibu na kiwiko, akaupigapiga uji huku akiongeza maji kidogo kidogo. Uji hupauka, ukazidi kupauka, mpaka povu jeupe lipande juu. Povu hilo huenguliwa, huoshwa, huchemshwa, na likipoa ndiyo siagi yenyewe. Hakuna kipimo kilichoandikwa. Binti hujifunza kwa kukaa kando ya mama yake.

Kwetu Afrika Mashariki mti huu uko kaskazini mwa Uganda. Waacholi huyaita mafuta yake moo yaa. Ni laini kuliko ya Afrika Magharibi kwa kuwa yana asidi ya mafuta iitwayo oleiki kwa wingi zaidi. Ukiyachanganya na mafuta ya nazi, yayeyushe kwenye bakuli lililowekwa juu ya maji ya moto, usiyabandike motoni, kisha yapoze haraka. Yakipoa polepole hufanya chengachenga.

Kinachonitia hofu ni mti wenyewe. Tangu zamani haukupandwa sana. Mkulima akifyeka shamba aliuacha umesimama. Sasa unakatwa kwa ajili ya mkaa, hadi Mei 2023 Rais Yoweri Museveni akapiga marufuku mkaa wa biashara kaskazini mwa Uganda. Amri hiyo isimamiwe kwa nguvu zote, na sisi tunaopika kwa mkaa tuulize umetoka kwenye mti gani. Mche wa shea huchukua miaka 15 hadi 20 kabla ya kuzaa. Anayeukata leo huko kaskazini, wilayani Kitgum au Otuke, mche atakaoupanda kesho utazaa mwanawe akiwa mtu mzima.