Mikutano ya mashabiki wa vitabu vya katuni: jinsi msomaji alivyompatia mchoraji jina

Kila mwaka, katika miji kama San Diego nchini Marekani, Angoulême nchini Ufaransa na Tokyo nchini Japani, maelfu ya wasomaji wa vitabu vya katuni hupanga foleni kwa saa nyingi ili wapate dakika chache mbele ya mtu aliyekichora kitabu wanachokipenda. Apitaye njia aweza kudhani ni burudani ya vijana tu. Hata hivyo, historia ya mikutano hiyo yaonyesha kwamba wachoraji wengi walijulikana kwa majina kwa sababu wasomaji waliwatafuta, na jina hilo ndilo lililowawezesha baadhi yao kudai haki zao.

Mchoraji asiye na jina

Katika sehemu kubwa ya karne ya 20, vitabu vingi vya katuni nchini Marekani vilichapishwa bila kutaja aliyevichora. Mchoraji alilipwa kwa kila ukurasa, nazo hakimiliki pamoja na karatasi zenyewe zikabaki mikononi mwa kampuni.

Mfano unaojulikana sana ni wa Carl Barks, aliyezaliwa mwaka 1901 katika jimbo la Oregon. Tangu mwaka 1942 hadi alipostaafu mwaka 1966, Barks aliandika na kuchora hadithi za bata Donald, na mwaka 1947 akambuni Scrooge McDuck, bata tajiri na bahili. Juu ya hadithi hizo palikuwa na jina la Walt Disney peke yake. Watoto waliozisoma walitambua kwamba kati ya wachoraji wote wa bata hao, mmoja aliwazidi wenzake kwa mistari na kwa ucheshi. Kwa kuwa hawakumjua, walimwita tu mchoraji mzuri wa bata.

Ilipofika mwaka 1960, mashabiki walikuwa wamelipata jina lake na kuanza kumwandikia. Barks alikuwa karibu na umri wa miaka 60, na kwa miaka yote hiyo hakuwa amezoea kupokea barua za wasomaji. Mwaka 1971, baada ya shabiki mmoja kumwomba picha ya bata hao kwa rangi za mafuta, kampuni ya Disney ilimruhusu kuchora na kuuza picha za namna hiyo. Hivyo mtu aliyekwisha kustaafu akapata kazi mpya na heshima aliyokuwa ameikosa. Alifariki dunia mwaka 2000.

Kutoka barua hadi ukumbini

Mashabiki wenyewe walifahamianaje? Mwanzoni mwa miaka ya 1960, mhariri Julius Schwartz wa kampuni ya DC alianza kuchapisha barua za wasomaji pamoja na anwani zao kamili. Wasomaji wakaanza kuandikiana wao kwa wao, kama vile wasikilizaji wa redio katika ukanda wetu walivyojuana kwa kadi za salamu kabla hawajaonana uso kwa uso. Kisha wakatoa majarida yao madogo, na hatimaye wakataka kukutana.

Tarehe 27 Julai 1964, kikundi cha vijana kiliandaa mkutano wa siku moja jijini New York. Waliohudhuria hawakuwa wengi, lakini miongoni mwao alikuwamo Steve Ditko, mchoraji wa kwanza wa hadithi za Spider-Man, pamoja na kijana wa miaka 15 aliyeitwa George R. R. Martin, ambaye baadaye alipata umaarufu duniani kwa riwaya zake.

Mkutano wa San Diego ulianza mwaka 1970. Mwezi Machi ulifanyika wa majaribio wa siku moja ili kuchangisha fedha, na mwezi Agosti ukafuata wa siku tatu uliohudhuriwa na watu wapatao 300. Leo mkutano huo hupokea zaidi ya watu 130,000, na sehemu kubwa ya ukumbi imetwaliwa na kampuni za filamu na michezo ya kompyuta. Hata hivyo, imebaki safu ya meza ambako mchoraji hukaa mwenyewe, huuza kurasa alizozichora kwa mkono, hutia saini vitabu na kupokea maagizo ya michoro.

Jina lilipodai haki

Miongoni mwa wageni wa San Diego mwaka ule wa 1970 alikuwa Jack Kirby, aliyeshirikiana kubuni mashujaa wengi wa kampuni ya Marvel. Katika miaka ya 1980, Kirby aliidai kampuni hiyo imrudishie kurasa alizozichora. Mashabiki na wachoraji wenzake walimtetea hadharani, na mwaka 1987 alirudishiwa kurasa zipatazo 2,000, ambazo ni sehemu ndogo tu ya kazi yake kwa kampuni hiyo.

Kabla ya hapo kulikuwa na kisa cha Jerry Siegel na Joe Shuster, waliombuni Superman. Mwaka 1938 waliuza haki za shujaa huyo kwa dola 130. Filamu kubwa ya Superman ilipokuwa ikiandaliwa mwaka 1975, wawili hao walikuwa wazee wenye hali ngumu, naye Shuster alikuwa karibu kupofuka. Wachoraji Neal Adams na Jerry Robinson waliongoza kampeni ya kuwatetea. Mwezi Desemba mwaka huo, kampuni iliyomiliki haki hizo ilikubali kumlipa kila mmoja dola 20,000 kwa mwaka na kurudisha majina yao katika hadithi za Superman.

Desturi za Ufaransa na Japani

Tamasha la Angoulême lilianza Januari 1974. Huko desturi ni kwamba mchoraji hatii saini tu, bali humchorea msomaji picha ndani ya kitabu alichokinunua, mara nyingi bila malipo. Kwa msomaji hiyo ni zawadi isiyo na mfano. Kwa upande wao, wachoraji wamelalamika kwamba wanafanya kazi saa nyingi ambazo hazilipwi ilhali vitabu vinauzwa. Mwaka 2006, tuzo ya kitabu cha kwanza ilikwenda kwa hadithi ya Aya, iliyoandikwa na Marguerite Abouet, mzaliwa wa Ivory Coast.

Nchini Japani, soko la Comiket lilifunguliwa Tokyo tarehe 21 Desemba 1975 likiwa na vikundi 32 na wageni wapatao 700. Leo hupokea mamia ya maelfu. Wengi wanaouza hapo ni mashabiki waliojichapishia kazi zao wenyewe, hivi kwamba aliye mbele ya meza mwaka huu aweza kuwa nyuma yake mwaka ujao.

Kongo na Afrika Mashariki

Katika ukanda wetu wasomaji hawakukosa. Katuni za Chakubanga za Christian Gregory zilisomwa Tanzania katika gazeti la Uhuru, na nchini Kenya Juha Kalulu wa Edward Gitau aliwachekesha wasomaji wa Taifa Leo kwa miongo mingi. Mjini Kinshasa, Papa Mfumu'eto alichora vijitabu kwa Kilingala vilivyouzwa barabarani.

Barly Baruti, mzaliwa wa Kisangani, alisaidia kuanzisha mjini Kinshasa karakana ya kuwafundisha vijana uchoraji. Kitabu chake cha Madame Livingstone, alichokitoa mwaka 2014 pamoja na Christophe Cassiau-Haurie, kinasimulia Vita Kuu ya Kwanza katika Ziwa Tanganyika na juhudi za kuizamisha meli ya Wajerumani ya Graf von Götzen. Meli hiyo ndiyo iliyokuja kuitwa Liemba, na wakazi wa mwambao wa ziwa hilo wanaifahamu vyema.

Mikutano ya mashabiki nayo imeingia barani: Lagos imekuwa na wake tangu mwaka 2012, na Nairobi ikafuata katika muongo huohuo.

Mezani kwa mchoraji

Anayehudhuria kwa mara ya kwanza yafaa azingatie mambo machache. Aulize kwanza kama saini au mchoro una malipo. Aje na kitabu alichokinunua, si nakala iliyochapishwa kwa wizi. Aombe ruhusa kabla ya kupiga picha kazi iliyo mezani, na asishindanie bei kana kwamba mchoro wa saa tatu ni bidhaa ya jumla.

La muhimu zaidi, amtaje mchoraji kwa jina kila anapoisambaza picha yake kwa simu. Picha inayozunguka bila jina humrudisha mchoraji pale alipokuwa Carl Barks kwa zaidi ya miaka 15: kazi yake yapendwa na wengi, naye mwenyewe hajulikani.