Mjomba Mahakamani: Lugha na Mwanafunzi Mpya wa Sheria

Chuo kikuu kilipofunguliwa Dar es Salaam mwezi Oktoba 1961, kilikuwa na kitivo kimoja tu, nacho ni cha sheria. Masomo yalitolewa kwa Kiingereza. Tangu wakati huo, kijana atokaye Nachingwea au Ruangwa kwenda kusomea sheria amekabiliwa na tatizo ambalo wengi hulitaja kwa jina lisilo lake. Husemwa kwamba hajui Kiingereza. Kwa kweli maneno mengi yanayomkwaza anayajua, na hapo ndipo penye mtego.

Tutazame sheria ya mikataba. Kuna neno la Kiingereza ambalo huko sekondari alifundishwa kuwa ni kulifikiria jambo au kumjali mtu. Mhadhiri hulitumia kwa maana ya kile ambacho kila upande hutoa, kiwe fedha, mali au kazi, ili ahadi ya mwenzake imfunge. Mwanafunzi akitafsiri kwa pupa ataandika "mazingatio", na somo lote litampotea. Kiswahili nacho hakina huruma zaidi: sokoni mdai ni anayemwia mwenzake, mahakamani ni yeyote aliyefungua shauri la madai, hata kama hajamkopesha mtu senti.

Lakini neno linalomgusa zaidi kijana wa huko ni mjomba. Wamwera, kama majirani zao Wamakonde, Wamakua na Wayao, kwa desturi huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na kaka wa mama ana sauti katika ndoa na urithi. Kiingereza kina neno moja kwa ndugu huyu na kwa baba mdogo. Katika mirathi, tofauti hiyo iliyofutwa ndiyo shauri lenyewe. Tena Tamko la Sheria za Mila la 1963 lilifuata makabila ya ukoo wa baba. Hivyo mwanafunzi husoma kama "mila" mambo ambayo bibi yake asingeyatambua.

Juhudi zilikuwapo. Mwaka 1968 A. B. Weston, mkuu wa kwanza wa kitivo hicho, alitoa pamoja na mwenzake orodha ya istilahi za sheria za Kiswahili. Hata hivyo orodha haikubadili safari ya shauri. Kwa Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 1984, Mahakama ya Mwanzo iliendesha kazi yake kwa Kiswahili. Rufani ikipanda, hukumu iliandikwa kwa Kiingereza. Mjomba aliweza kuondoka Ruangwa akiwa mjomba, akafika juu akiwa ndugu wa upande usiojulikana.

Marekebisho ya 2021 yamekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, ila Kiingereza huruhusiwa pale haki inapohitaji. Vyuo vikuu vingali vikifundisha sheria kwa Kiingereza. Mzigo basi umehamia bega la pili: elimu iliyopokewa kwa Kiingereza sharti itoke ikiwa hukumu ya Kiswahili. Watunga istilahi watakaposhughulikia mirathi, wangeanzia katika majalada ya Mahakama za Mwanzo za wilaya hizi mbili, ambako "mjomba" na "baba mdogo" huandikwa kila mmoja kwa jina lake.